Kituo cha kura kiko shuleni, bendera ya chama iko mkabala na lango: tuanzie wapi?

MwalimuZiwani (mleta mada)

Wadau wa Mwanza na wa mwambao wote wa ziwa, habari za wakati huu. Wakubwa zangu, shikamooni.

Ninafundisha katika shule ya msingi upande wa Ilemela, mahali ambapo shule, zahanati, mwalo (ufuko wa kushushia samaki) na soko la jioni vimebanana katika ukanda mwembamba kati ya barabara na maji. Madarasa yetu yamekuwa yakitumika kama vituo vya kupigia kura tangu nilipohamia hapa, na kwa kuwa kata inasubiri uchaguzi mdogo wa diwani, yatatumika tena. Nimeleta mada hii mapema kwa makusudi, kwa sababu ninayotaka kuyauliza hayatatuliki saa 1:00 asubuhi ya siku yenyewe, wakati foleni imekwisha kufika kwenye mwembe.

Naomba kwanza tusitaje chama wala mtu. Mambo nitakayoyaeleza nimeyaona yakifanywa na wafuasi wa zaidi ya chama kimoja, na tukianza kupimana nani amezidi, mada itakufa kabla haijajibiwa.

Hali ni hii. Ng'ambo ya barabara, mkabala na lango la shule, ipo ofisi ya tawi la chama yenye mlingoti wa bendera na ukuta uliopakwa rangi za chama kuanzia msingi hadi kwenye bati. Ofisi ile ipo kihalali na sina ugomvi nayo siku nyingine zote za mwaka. Lakini anayesimama nje ya darasa akisubiri kuitwa ndani, kitu anachokitazama muda wote, juu ya ua wa minyaa, ni bendera hiyo ikipepea kwa upepo wa ziwa. Akigeuka upande wa pili anaona mwalo, na mwaloni kuna mitumbwi iliyobandikwa picha za wagombea. Tena kuna suala la mavazi. Wote tunajua kwamba kampeni zikiisha, fulana, kofia na kanga zilizogawiwa hubaki kuwa nguo za kila siku. Mama anayeanika dagaa huvaa kofia ya kampeni kwa sababu jua ni kali, wala hana habari na mgombea aliyechorwa juu yake.

Katika uchaguzi uliopita bibi mmoja anayetembea kwa fimbo alifika akiwa amejitanda kanga ya namna hiyo. Aliyekuwa akipanga foleni akamwambia arudi nyumbani akabadilishe. Nyumbani kwake ni kule juu mlimani, kwenye mawe, na kwa umri wake kushuka mara moja kwa siku ni kazi kubwa. Hakurudi. Wakati huohuo, kijana mmoja aliyesimama langoni alikuwa akimsalimia kila aliyeingia kwa ishara ya vidole ya chama chake, tangu asubuhi hadi jua likawa la utosi, na hakuna aliyemwambia lolote. Nilipokwenda kumweleza mmoja wa waliokuwa wakishughulika pale nje, aliniuliza mbele ya watu: "Kwani wewe, Mwalimu, ni wa chama gani?"

Swali lile ndilo linalonisumbua hadi leo, kwa sababu niliona jinsi watu waliokuwa karibu walivyoinamisha vichwa. Kila mmoja alielewa kwamba anayesema neno hupewa chama palepale, apende asipende. Kwa hiyo nauliza: ni nini hasa kinachokatazwa karibu na kituo, aambiwe nani, na mtu wa kawaida aseme vipi ili neno lake lisikike kama neno la mpiga kura na si la mfuasi?

MsimamiziWaZamani

Mwalimu, pole kwa kuulizwa vile mbele za watu. Nimesimamia kituo katika chaguzi kadhaa, kwanza Misungwi na baadaye Nyamagana, na nitakujibu kwa yale niliyoyafanya kwa mikono yangu.

Nianze na lile swali. Watendaji wa vituo, kabla ya kukabidhiwa vifaa, hula kiapo cha kutunza siri na kutoa tamko la kutokuwa wanachama wa chama chochote au la kujitoa uanachama. Maana yake ni kwamba mtendaji ameacha chama chake nje ya lango, na kama yeye ameacha cha kwake, hana mamlaka yoyote ya kumtaka mpiga kura ataje cha kwake. Ukiulizwa tena, jibu kwa upole: "Mimi ni mpiga kura wa kituo hiki, na ninachoeleza ni kile kilichopo pale langoni." Kisha urudie ulichokiona. Usijitetee, kwa sababu ukianza kueleza kwamba huna chama, mazungumzo yanahama kutoka kwenye kosa yanakuja kwako.

La pili ni nani wa kuambiwa. Mwenye dhamana ya utulivu wa kituo ni msimamizi wa kituo. Karani mwongozaji hupanga foleni, mlinzi au askari husaidia pale panapohitajika, na mawakala huangalia kwa niaba ya vyama vyao, lakini anayeamua ni msimamizi. Watu wengi humwendea askari kwanza kwa kuwa amevaa sare na yuko nje, kisha wanaondoka wakiamini wamekwisha kuripoti. Mwombe karani akufikishie neno kwa msimamizi, au umwambie mwenyewe unapoingia kupiga kura, kwa sauti ya chini, bila kusimamisha kazi.

Sasa kanga. Hapa ninasema kwa uchungu, maana bibi yako huyo alikosa kura yake kwa jambo ambalo lingemalizika kwa dakika moja. Watu hupenda kusema "igeuze nguo." Fulana inageuzika, lakini kanga haina ndani wala nje, picha inaonekana pande zote mbili. Sisi tulikuwa tukiazima vitenge vya kawaida kwa mama wanaopika shuleni na kuviweka kwenye kiti karibu na lango. Karani alielekezwa asimsubiri mtu afike mlangoni. Amwone akiwa bado mbali, amfuate, amsalimie, amwambie: "Bibi, shikamoo. Leo hapa alama za vyama haziruhusiwi, naomba nikutande hiki mpaka utakapotoka." Kofia iliingia kwenye mkoba. Mzee, mjamzito, anayenyonyesha na mwenye ulemavu hawasimami foleni, kwa hiyo bibi angeingia moja kwa moja na kutoka. Kanuni niliyowafundisha makarani wangu ilikuwa moja: alama iondoke, mpiga kura abaki. Kumrudisha mtu nyumbani kwa sababu ya nguo, katika kata ambayo nguo hizo ziligawiwa bure kwa maskini, ni kumwadhibu aliyepewa na kumwacha aliyegawa.

Kuhusu kijana wa langoni, nilikuwa na njia ambayo haikunishinda. Saa 12:00 asubuhi, kabla ya kuwaonyesha mawakala kwamba sanduku ni tupu na kulifunga kwa lakiri, niliwakusanya wote pamoja nikawaambia yasiyoruhusiwa: mavazi, ishara za vidole, salamu za vyama, vipeperushi, nyimbo. Nikawaambia pia kwamba mfuasi wa chama fulani akikosea, wa kwanza kwenda kumwambia atakuwa wakala wa chama hichohicho, nami nikiwa pembeni yake. Kijana hawezi kumwambia wakala wa chama chake kwamba ni mpinzani. Wengi waliondoka bila maneno. Aliyebaki, nilimkabidhi kwa askari, na mawakala wote walikuwa wameshuhudia kwamba amepewa nafasi.

Niongeze jambo dogo ambalo halimo kwenye mafunzo. Siku moja katikati ya foleni simu ya mtu ililia wimbo wa kampeni. Mwenyewe alishtuka, akawa anahangaika kuitafuta mfukoni, lakini waliokuwa nyuma walianza kuitikia na wengine kupiga makofi, na kwa muda foleni nzima ikageuka mkutano. Baada ya hapo, makarani wangu waliwaomba watu kuzima simu wakiwa bado nje.

WakiliNyegezi

Nashukuru kwa maelezo ya aliyetangulia, yana thamani kuliko vifungu vingi. Nitajaza upande wa sheria tu.

Katazo ambalo wananchi wengi wanalijua kwa jina la "mita 200" lilikuwa katika kifungu cha 104 cha Sheria ya Taifa ya Uchaguzi, Sura ya 343. Kifungu hicho kilizuia kufanya mkutano siku ya kupiga kura, na pia kilizuia mtu, akiwa ndani ya jengo linalopigiwa kura au katika eneo la mita 200 kulizunguka, kuvaa au kuonyesha kadi, picha, nembo au alama inayoashiria kumuunga mkono mgombea. Mwalimu aangalie neno "jengo". Umbali unapimwa kutoka kwenye darasa, si kutoka kwenye lango, na mita 200 ni kama viwanja viwili vya mpira vilivyopangwa kwa urefu. Kwa shule iliyobanwa kati ya barabara na ziwa, ofisi ya tawi mkabala na lango imo ndani ya eneo hilo, na mwalo nao pengine umo. Nakushauri upime kwa futi kamba, uandike, ili siku ya kuzungumza usiseme "karibu".

Sura ya 343 ilifutwa na nafasi yake ikachukuliwa na Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani Na. 1 ya 2024. Kwa hiyo usiende kwa msimamizi ukitaja namba ya kifungu cha zamani, kwa sababu atakurudisha kwa hoja hiyo tu. Nenda na sheria ya sasa pamoja na maelekezo ambayo Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi huyatoa kwa ajili ya uchaguzi husika.

Lipo pia suala ambalo halikuulizwa lakini litajitokeza: wale wanaobaki nje ya kituo baada ya kupiga kura. Mwaka 2015 mpiga kura mmoja alifungua shauri Mahakama Kuu akitaka tafsiri ya haki ya kukaa nje ya mita 200, na siku mbili kabla ya uchaguzi wa tarehe 25 Oktoba Mahakama ikaamua kwamba mikusanyiko siku hiyo hairuhusiwi hata nje ya umbali huo. Unaweza kukubaliana na uamuzi au usikubaliane nao, lakini kikundi kinachojikusanya chini ya mwembe kwa nia njema kitahesabiwa sawasawa na kile chenye nia mbaya.

Nimevutiwa na kanuni ya "alama iondoke, mpiga kura abaki", na ningependa ijulikane kwamba wenzetu wamefikishana mahakamani kwa jambo hilihili. Nchini Marekani, jimbo la Minnesota lilikataza kuvaa alama yoyote "ya kisiasa" ndani ya kituo. Mwaka 2010 mtu mmoja alizuiwa kwa muda kwa sababu ya fulana na beji yake, ingawa hazikuwa na jina la mgombea. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, kwa majaji 7 dhidi ya 2, ililifuta katazo hilo. Haikusema kwamba kituo hakipaswi kuwa mahali pa utulivu. Kinyume chake, mwaka 1992 mahakama hiyohiyo iliunga mkono katazo la Tennessee la kufanya kampeni ndani ya futi 100, yaani takriban mita 30, kutoka kwenye mlango wa kituo. Tatizo la Minnesota lilikuwa kwamba neno "kisiasa" liliachwa wazi mno, kiasi kwamba mtendaji wa kituo angeweza kumzuia mmoja na kumruhusu mwingine kwa namna anavyoona yeye. Sababu hiyo inatuhusu sana. Bibi alizuiwa, kijana akaachwa. Katazo lisilo na mipaka inayoeleweka humwangukia kwanza asiye na wa kumtetea.

Kuhusu njia za malalamiko, mpiga kura aanze kituoni. Wakala anayo fomu ya kuandika kutoridhika kwake na mwenendo wa upigaji kura, kwa hiyo ukimweleza wakala, jambo lako linaweza kuingia kwenye kumbukumbu. Yanayohusu mwenendo wa vyama na wagombea hupelekwa kwenye Kamati za Maadili, zinazoanzia ngazi ya kata. Kama kuna chai, maandazi au fedha zinazogawiwa foleni, hilo ni jambo jingine kabisa, ipo Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapokea taarifa bila malipo kwa namba 113.

MamaMwalo_Ukerewe

Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa, Nansio na visiwa vya jirani, na nimefurahi kuona mitumbwi imetajwa, kwa kuwa katika mijadala ya aina hii watu wa mjini huona barabara tu.

Kwetu kituo kinaweza kuwa hatua chache kutoka majini. Mtumbwi wenye bendera ukivutwa ufukweni, umeingia ndani ya mita 200 na hakuna lango la kuuzuia. Lakini bendera ndiyo nafuu. Mvuvi wa dagaa anakesha majini, anarudi alfajiri, anashusha mzigo, analala, na akiamka ni mchana. Anayempeleka kituoni ni tajiri wake, mwenye mtumbwi, nyavu, taa na mafuta, ambaye pia ndiye anayemkopesha unga msimu ukiwa mbaya. Kumsafirisha mtu kwenda kupiga kura si kosa, na bila usafiri huo wengi wasingefika. Shida ni pale tajiri anaposimama ufukweni akiwahesabu wanaorudi, akitazama kidole cha nani kina wino, na kumuuliza kila mmoja "umefanya tulivyokubaliana?" Hana fulana ya chama, hana kofia, na hayuko langoni. Ukimwambia msimamizi wa kituo, atakuuliza amevunja nini.

Tulichokifanya sisi akina mama ni kuzungumza na uongozi wa BMU, yaani kikundi cha wadau wa uvuvi kinachosimamia mwalo, wiki kadhaa kabla. Tukaomba mambo mawili: mitumbwi yote inayoleta watu siku hiyo iondolewe bendera na picha, na wenye mitumbwi wakishawashusha watu wao wapeleke mitumbwi upande wa pili wa mwalo, wasisubiri mbele ya kituo. Hatukutaja chama. Matajiri wenyewe wako vyama tofauti, kwa hiyo kila mmoja alikubali kwa sharti kwamba mwenzake akubali. Nawashauri pia wavuvi wajue kwamba kituo hufungwa saa 10:00 jioni, lakini aliyekwisha kuwa kwenye foleni saa hiyo anapiga kura, asikubali kuambiwa amechelewa.

Kijana_Igoma

Kwa heshima zote, nadhani tunatumia nguvu nyingi kwenye vitambaa. Mtu mzima aliyesikiliza kampeni wiki nzima hawezi kubadili mawazo kwa kuona bendera ambayo ameiona kila siku akienda sokoni. Mimi ningeuliza zaidi kuhusu watu. Mwaka 2019 Mahakama Kuu, katika kesi ya Bob Chacha Wangwe, ilisema wakurugenzi wa halmashauri wasisimamie uchaguzi, na mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Huo ndio mjadala wa kutopendelea upande. Tukiondoa bendera na tukaacha mashaka juu ya wanaosimamia, tumesafisha uwanja tu.

MzeeWaKitangiri

Mwanangu wa Igoma, swali lako kuhusu watu ni la haki na lisiachwe. Lakini usidharau alama.

Mwaka 1965, tulipochagua wabunge chini ya chama kimoja, karibu kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili wa TANU, na kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, mmoja alipewa jembe na mwingine nyumba. Wazee wetu walijadiliana sana kuhusu nani amepewa jembe, kwa sababu katika nchi ya wakulima jembe lenyewe lilikuwa hoja. Wagombea walilijua hilo na waliopewa nyumba walinung'unika. Leo karatasi ya kura ina picha, jina la mgombea na nembo ya chama. Wapo wapiga kura wengi, hapa Mwanza na vijijini Kwimba na Magu, wanaotafuta nembo kwanza na picha baadaye. Kwa mtu wa namna hiyo, nembo aliyoitazama nusu saa nzima akiwa kwenye foleni si kitambaa.

Tena, bendera haikusudiwi kumbadili aliyekwisha kuamua. Inamwambia yule mwenye woga kwamba eneo hili lina mwenyewe. Mama yule wa Ukerewe ameeleza vizuri jinsi mtu anavyotazamwa. Mlingoti mkabala na lango hufanya kazi ileile ya tajiri aliyesimama ufukweni, hata kama waliousimika hawakuwa na nia hiyo. Kwa hiyo dai watu waadilifu, na dai mahali patulivu, yote mawili kwa pamoja.

Kijana_Igoma

Nimekuelewa, mzee, na nimekubali hoja ya nembo kwenye karatasi, sikuwa nimeitazama hivyo. Ninabaki na langu kuhusu wasimamizi.

MwalimuZiwani (mleta mada)

Asanteni sana nyote. Mzee, shikamoo. Dada wa Ukerewe, ushauri wa kuanzia BMU nimeuchukua kama ulivyo, kwa sababu mwenyekiti wa mwalo wetu ni mzazi pale shuleni na kila upande unamheshimu.

Leo jioni, wanafunzi walipoondoka, tulipima kwa futi kamba tukiwa na mwalimu mwenzangu. Kutoka mlango wa darasa lililo karibu zaidi na barabara hadi kwenye mlingoti wa tawi ni mita 94. Mwaloni, mitumbwi ya mwanzo iko mita 160, ya mwisho imetoka nje ya eneo. Nimeandika barua kwa mtendaji wa kata, nikapitisha kwa mwalimu mkuu, nikieleza vipimo hivyo na kuomba mambo mawili: vyama vyote vyenye bendera ndani ya mita 200 viombwe kuzishusha jioni ya kuamkia siku ya kura na kuzipandisha matokeo yakishatangazwa, na kura zipigwe katika madarasa ya nyuma, yanayotazama uwanja wa mpira, badala ya yale yanayotazama barabara. Ukuta uliopakwa rangi hautashuka kama bendera, lakini kwa madarasa ya nyuma foleni nzima itakuwa imeupa mgongo. Hilo la pili hata halihitaji ridhaa ya chama chochote.

Nina swali moja lililobaki. Madarasa yetu mengine yana picha ya kiongozi wa nchi ukutani, na moja lina kalenda ya zamani yenye picha za wagombea wa uchaguzi uliopita. Picha rasmi inawekwa kwa utaratibu wa serikali, siwezi kuishusha kwa uamuzi wangu.

MsimamiziWaZamani

Umefanya kazi nzuri. Kalenda iondoe leo, haina mjadala. Picha rasmi usiiguse, wewe mweleze msimamizi wa kituo atakapokuja kukagua, naye atachagua chumba ambacho hakina. Katika uchaguzi wa diwani picha hiyo haina mgombea, lakini mwaka ambao kiongozi aliyepo anagombea, sura iliyo ukutani itakuwa ndiyo iliyo kwenye karatasi ya kura, kwa hiyo ni vyema shule ikazoea kutoa vyumba visivyo na picha kabisa.

Mkague vyumba jioni ya kuamkia siku yenyewe, tena kwa tochi. Angalieni ubao, kwa sababu watoto huandika majina ya wagombea wanayoyasikia nyumbani. Angalieni chini ya madawati na nyuma ya mlango, stika hubandikwa huko. Halafu simama mahali kitakapowekwa kituturi, yaani kile kificho cha kupigia kura kwa siri, uinamie kama anayeandika, kisha utazame dirisha. Kama wewe unamwona aliye nje, naye anakuona, na kituturi kihamishiwe kona nyingine. Kwa anayehitaji msaada, kama bibi asiyeona vizuri, ana haki ya kuja na mtu anayemwamini amsaidie, ila asiwe msimamizi wa kituo, msaidizi wake wala wakala. Mwambieni mapema bibi wa mlimani, ili aje na mjukuu wake.